Upande wa Kiume

Alhamisi, katikati ya Novemba. Mvua ile ya Tottenham isiyonyesha na isiyoacha. Nimerudi kazini na soksi zimelowa, nimekula wali wa jana, nimeosha sahani, nimekaa mezani. Roho yangu leo ni mbaya, na bora niandike hivyo mapema kabla sijaanza kuipamba.

Kwa wale wanaofika hapa kwa kupotea, wakitafuta mapishi ya maandazi: mimi ni Salimu, fundi cherehani. Nilianzia Tanga, kwenye baraza ya marehemu baba, na sasa ni mwaka wa ishirini na tatu nashona London, kwenye karakana iliyo juu ya duka la mazulia, mwendo wa dakika chache kutoka stesheni ya Seven Sisters. Tunashona nguo za michezo ya jukwaani. Mfalme akiuawa jukwaani, suruali anayoangukia nayo nimeipinda mimi.

Na kinachonipa jeuri ni kitu kimoja tu. Makoti ya watoto wa kiume ya karne ya kumi na tisa. Hapo usiniambie kitu! Waingereza wenyewe, vitukuu vya waliovaa, hawajui, mpaka Mswahili wa Tanga awaketishe awaeleze. Huwa nawaeleza hata wasiponiuliza.

Mtoto wa kiume wa Kiingereza, mwanzoni mwa karne ile, hakuwa na koti. Alivishwa gauni. Ndiyo, gauni, kama dada yake, mpaka afike miaka minne, mitano, wengine hata zaidi, maana gauni ni rahisi kwa mtu ambaye choo bado hajakijua vizuri. Halafu siku moja wanamvua gauni, wanamvika suruali, mashangazi wanakuja kumtazama, na mama anajifuta machozi pembeni. Kama jando tu, ila ngariba wao alikuwa fundi wa nguo.

Nguo yenyewe waliiita suti ya mifupa. Kikoti kifupi kinachobana mbavu, na suruali iliyopanda juu kabisa, iliyofungwa kwenye kikoti chenyewe kwa vifungo vinavyozunguka mwili mzima. Mtoto akibanwa na haja hawezi kuvifungua peke yake. Anaruka-ruka kwenye korido mpaka yaya aje, na yaya asipokuja, basi, yamekwisha. Kwa Kiswahili neno ni moja, kifungo cha nguo na kifungo cha jela, na sijaona nguo iliyostahili maneno hayo yote mawili kama hii. Mzaha huu nimeshaurudia karakana nzima. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua Kiswahili.

Baadaye vikaja vikoti vyeusi visivyo na mkia, vinavyoishia kiunoni, na kola nyeupe pana juu yake. Vya wavulana wa shule za matajiri. Upepo wa Januari ulikuwa ukiingia moja kwa moja pale koti lilipoishia, na wavulana wenyewe wakalibatiza jina ambalo kwa Kiswahili ni kigandisha makalio. Wakaja na nguo za kibaharia, kila mtoto London akawa nahodha asiyejua kuogelea. Wakaja na koti la sufu nzito lenye mkanda na marinda, kumuiga baba akienda kuwinda. Karne ilipokaribia kuisha mtoto wa miaka kumi alikuwa anavaa kama karani wa benki, na uso wake umeshakuwa wa karani pia.

Watoto wa maskini? Walivaa koti la baba lililopunguzwa. Mikono imekatwa, mabega yamebaki ya baba.

Na huko mashariki mwa London, kwenye vyumba vyenye unyevu, kina mama walikuwa wakiletewa makoti kwa mafungu wayamalizie nyumbani, yaani matundu ya vifungo, kwa mkono, mpaka macho yanafifia. Tundu likiharibika, koti limeharibika, na kesho yake fungu linapelekwa kwa mama mwingine. Hiki kipande ndicho ninachopenda zaidi kukisimulia. Huwa natikisa kichwa kwa huruma.

Sasa niseme la Mama Furaha.

Alikuja mwezi wa Agosti, kwa majaribio ya miezi mitatu. Mwanamke wa Bukavu, mfupi, mnene kidogo, viatu vyake vyeupe vya kazi ya usafi na kitambaa kichwani. Helen, mwenye karakana, aliniita akasema: huyu mnazungumza lugha moja, mfundishe wewe. Akifaulu majaribio, anaajiriwa moja kwa moja.

Kwake yeye hilo lilikuwa kila kitu. Alikuwa akifanya usafi uwanja wa ndege, kule upande wa Hounslow, akitoka nyumbani saa tisa usiku kukimbilia basi, kisha anakuja kwetu macho mekundu. Binti yake Furaha ana miaka minane, anaamshwa na jirani, anapewa chai na jirani. Mtoto akiulizwa kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza. Mama Furaha aliniambia siku moja tukinywa chai kwamba akipata kazi hii ataacha ile ya alfajiri, na yeye ndiye atakayemwamsha mwanawe, waongee hata nusu saa kabla ya shule, kabla mtoto hajasahau kabisa maneno ya nyumbani. Alivyokuwa akilisema lile "kumwamsha" ungedhani anazungumzia kwenda kuhiji.

Mimi nilimjibu kwamba Kiswahili chenu cha kule kimekanyagwa na treni, hata mtoto akikisahau hajapoteza kitu.

Akacheka. Hapo ndipo unapomjua mtu ambaye hana ubaya, unamchoma na yeye anakumiminia chai. Aliniita Papa Salimu. Pasi yangu ile nzito ya zamani, ambayo kiwiko changu siku hizi kinaikataa, akiniona nainyanyua anainuka yeye anaichukua.

Lakini matundu yake, jamani!

Sijui walimfundisha masista au alizaliwa nayo. Tundu la kifungo alilolishona kwa mkono limelala kwenye kitambaa kama limeota. Siku ya pili tu Helen alichukua kipande chake akakipeleka dirishani, akakigeuza kwenye mwanga. Miaka yote niliyofanya kazi pale sijawahi kupelekwa dirishani. Na mimi naujua ukweli, macho yangu yameanza kunitupa mkono. Kuingiza uzi kwenye sindano najaribu mara tano, nikisingizia sindano mbovu.

Wiki iliyofuata Helen akaniambia, kwa upole wote: Salimu, sasa kazi ya mkono aifanye yeye, wewe kata na ufundishe. Akanigusa bega. Ningependa angenitukana.

Tangu siku hiyo kijicho kikaniingia. Nilikuwa nikiamka nacho.

Ikaja kazi kubwa. Mchezo wenye watoto sita, wote kwenye suti za mifupa, sufu ya buluu iliyotiwa rangi maalumu, na kitambaa kilichopo ni cha makoti sita tu. Hakuna cha ziada. Nilikata mimi. Matundu kumi kila koti, mbele, kwa mkono, kazi ya Mama Furaha. Na hii ndiyo ingekuwa kazi ya kufungia majaribio yake.

Asiye fundi anielewe hapa. Koti la mwanamume, matundu yako kushoto kwa mvaaji, vifungo kulia. La mwanamke, kinyume chake, matundu kulia. Sisi Tanga, kwenye baraza ya baba, hatukuwa tukisema kushoto wala kulia. Tulisema upande wa kiume na upande wa kike, basi, kila mtu ameelewa. Kwa hiyo nikamwambia Mama Furaha kama ambavyo ningemwambia yeyote: matundu, upande wa kiume.

Naapa, niliposema vile sikuwa na nia mbaya. Nataka hilo liandikwe.

Lakini kule kwao, na kwenye Kiswahili cha kanisani alichokulia, mkono wa kulia ni mkono wa kuume. Kuume. Kiume. Herufi moja tu. Na mkono wa kulia ndiko kunakokaa matundu ya kike. Huko kwao alizoea kushona magauni ya vitenge na kanzu za kwaya, makoti ya wanaume hakuwahi. Na suti yenyewe ni ya ajabu, suruali imefungwa kwenye koti, mtoto amefungwa kama mzigo, kwa hiyo hata ungemwambia vifungo vinakaa mgongoni angekubali.

Akachukua chaki. Akapiga alama kumi kwenye koti la kwanza, upande wa kulia. Halafu akanigeukia, akainua mkono wake wa kulia, ule ule wenye chaki, akaupapasa ule upande.

"Papa, njo huku? Kuume?" Kwao "njo" ndiyo "ndiyo" yetu.

Nilisikia. Masikio yangu hayana tatizo, ni macho tu. Nilisikia ile "u" waziwazi na niliuona mkono. Nilikuwa na kikombe cha chai, nikakiweka mezani taratibu.

Nikasema, "Hapo hapo, Mama Furaha. Endelea."

Siku nne alishona. Siku nne nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwake nikishikiza bitana kwa bandi, na kila alipomaliza tundu na kulikata katikati kwa ncha ya mkasi, nililisikia. Tundu likishakatwa halirudi. Alikuwa akiimba kwa sauti ndogo nyimbo za kanisani. Koti la tatu nikasema moyoni, mwambie sasa, bado matatu ya kuokoa. La nne nikasema sasa nimechelewa, nitaulizwa kwa nini sikusema la kwanza. Alhamisi akamaliza yote sita, akayatundika kwa mpangilio, akanitengenezea chai.

Ijumaa Helen aliyaona tangu mlangoni.

Sitaki kumsingizia Helen, hakupiga kelele. Alipauka tu. Akaniuliza mimi, si yeye: ilikuwaje? Na mimi, mtaalamu, nikamwambia kwamba hakuna mvulana wa Kiingereza wa karne ile ambaye angeonekana barabarani na matundu upande wa kulia, angechekwa mpaka alie. Nikaongeza kwamba nilimwelekeza kwa lugha yake mwenyewe.

Mama Furaha alinitazama. Nilidhani atasema. Nilikuwa nimeshajiandaa, nina maneno makali matatu mdomoni. Akamwambia Helen kwa Kiingereza chake kwamba kosa ni la masikio yake.

Kwenye ngazi, ameshabeba mfuko wake, akaniuliza pole pole, "Papa, ulisema kuume ao kiume?"

"Kiume, mama. Kiume."

Akajipiga paji la uso. "Haa! Masikio yangu, papa!" Akacheka, halafu kile kicheko kikageuka katikati, akashuka ngazi akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Amemwaga unga, na aliyemtilia mchanga kwenye kitumbua alikuwa amesimama juu amemshikia mlango.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Helen alihangaika akapata kitambaa kingine, buluu isiyofanana sana, na makoti sita mapya nikayashona mimi, matundu sitini, kushoto, sindano ikinichoma vidole. Ni mabaya. Helen hakupeleka hata moja dirishani. Yale ya Mama Furaha yako kwenye mfuko mweusi chini ya meza ya kukatia, maana Helen hana moyo wa kuyatupa.

Na leo.

Leo asubuhi Helen alileta boksi. Ameazima kwa bibi mmoja mkusanyaji wa nguo za kale suti ya mifupa ya kweli, iliyovaliwa na mtoto wa kweli, tuilinganishe na zetu kabla ya kuzipeleka. Ni ya siku moja tu, kesho saa nne asubuhi bibi anakuja kuichukua. Helen akasema, fungua wewe, Salimu, wewe ndiye unayezijua. Akashuka chini kuzungumza kwa simu.

Nikanawa mikono. Nikafungua karatasi laini, moja baada ya nyingine. Kikoti kidogo! Buluu iliyokwisha kuwa kijivu. Kiwiko cha kushoto kimetiwa raka, mikono imeteremshwa mara moja, alama ya pindo la zamani bado inaonekana. Huyo mtoto alikua kidogo tu, halafu ama alikikataa ama kuna jambo lilimpata. Harufu ya dawa ya nondo.

Nikatafuta matundu kwa vidole, maana mwanga ulikuwa hafifu na macho ndiyo hayo.

Kushoto nikakuta vifungo.

Nikakigeuza. Nikakiweka vizuri kama kimevaliwa, nikakigeuza tena kama mjinga. Nikaenda nacho dirishani. Mtume! Matundu yalikuwa kulia. Kumi, yamepindapinda, ya mkono wa mtu wa nyumbani, mama au mjakazi aliyekuwa amezoea kumshonea mtoto huyo huyo magauni, na alipomshonea koti la kwanza mkono ukaenda ulikozoea. Nani angemcheka? Ndio kwanza ametoka kwenye gauni. Kumbe kwa watoto wadogo wale sheria ya kiume na kike ilikuwa bado haijakaza, na mimi, bingwa wa makoti, miaka yote hii nilikuwa silijui hilo.

Yale makoti sita kwenye mfuko mweusi ni sahihi. Ni sahihi kuliko yangu.

Namjua Helen. Angeona, angepiga kelele ya furaha, angeyatoa chini ya meza, na angempigia Mama Furaha simu kabla hajafunga boksi. Jumatatu mwanamke yule angekuwa ameketi pale mita mbili kutoka kwangu. Na siku moja, kwenye chai, Helen angeuliza tu kwa kupiga soga: kwani wewe ulijuaje kuweka kulia? Naye angejibu, bila ubaya wowote: nilimuuliza Papa, akasema hapo hapo.

Nikasikia miguu ya Helen kwenye ngazi.

Nikakikunja kikoti kifua ndani, mgongo nje. Mgongo ni mzuri, una mishono miwili iliyokaa vizuri. Nikakizungushia karatasi mpaka kiunoni.

Helen akauliza, zetu ziko sawa na hii? Akanyoosha shingo, akagusa mgongo kwa kidole kimoja kwa sababu anaogopa kuharibu.

Nikasema, "Sawa kabisa. Usikiguse sana, kitachanika."

Akanishukuru. Akasema hajui karakana ingekuwaje bila mimi.

Na kama Mungu anafanya makusudi, nashuka basi jioni hii napata ujumbe wa sauti wa Mama Furaha. Nimeusikiliza nikiwa nimesimama mvuani, nje ya duka la Mnaijeria wa ndizi. Wiki tatu hakuwa amenitafuta.

"Papa Salimu, habari ya siku mingi. Miye niko tu, nabakia na ile kazi ya asubui, kule uwanja ya ndeke. Papa, kama Helen anatafuta mutu tena, hata ya kufagia nyuzi, unikumbuke. Weye njo baba yangu huku." Nyuma yake kulikuwa na sauti ya mtoto akiuliza kitu kwa Kiingereza.

Nimefika nyumbani, nimebadilisha soksi, nimekula. Nimeandika ujumbe kwa Helen: tazama tena upande wa mbele wa lile koti. Maneno hayo tu. Nimeyaangalia mpaka simu ikazima kioo, nikaiwasha, yakawa bado yapo. Nimeyafuta.

Halafu nimemwandikia Mama Furaha. Nimemwambia kwamba leo hii hii nimemwombea kwa Helen, nimembembeleza sana, amekataa katakata. Pole, mama, mimi nimejitahidi.

Kwa nini niliongeza lile la kubembeleza? Hakuna aliyeniomba niongeze. Kukaa kimya kungetosha kabisa kummaliza, lakini mimi nikataka na shukrani yake pia.

Imekuja. Hata dakika mbili hazikupita.

"Aksanti papa. Nilijua weye utanisemea. Mungu akuweke mukono yake ya kuume."

Boksi liko juu ya meza ya kukatia mpaka kesho saa nne. Nimeusoma ujumbe wake mara nne, kila mara taratibu zaidi, kuhakikisha ile herufi.

Nimemjibu: Amina.